Kigoda cha Kikaqchikel Kina Mwenyewe

Mwaka 1923 mwanafunzi mmoja wa sheria katika chuo kikuu cha taifa cha Guatemala aliwasilisha tasnifu kuhusu kile alichokiita tatizo la kijamii la wenyeji asilia. Ukiivua joho la kitaaluma, hoja yake ilikuwa ya kikatili: Wamaya wa nchi ile ni watu waliochoka, na dawa yao ni kuchanganywa damu na wahamiaji kutoka Ulaya. Kijana huyo aliitwa Miguel Ángel Asturias. Alifaulu, akapata shahada, kisha akavuka bahari. Haikupita miaka mingi akawa Paris, kwenye kumbi za Sorbonne, akimsikiliza profesa wa Kifaransa, Georges Raynaud, akifafanua dini na masimulizi ya watu wale wale aliowahukumu nyumbani.

Kilichofuata kingechekesha kama kisingeuma. Asturias na mwenzake walikitafsiri kwa Kihispania Popol Vuh, kitabu kikuu cha Wak'iche', jamii mojawapo ya Wamaya, lakini hawakukitafsiri kutoka Kik'iche', lugha ambayo Asturias angeweza kuisikia siku yoyote ya soko huko kwao. Walikitafsiri kutoka Kifaransa cha Raynaud. Tafsiri ilitoka mwaka 1927. Mwaka 1967 Asturias alipewa Tuzo ya Nobel ya Fasihi kwa riwaya zilizojaa roho ya masimulizi hayo hayo, na serikali ya Guatemala ikaja kuiita tuzo yake ya taifa ya fasihi kwa jina lake. Mshairi wa Kik'iche' Humberto Ak'abal, mzaliwa wa Momostenango, alipochaguliwa kuipokea tuzo hiyo, aliikataa. Sababu aliyoitoa ni ile tasnifu ya 1923.

Watu wengi wanapozungumzia lugha za wenyeji asilia katika vyuo vikuu, huuliza kama vyuo hivyo vizifundishe au visizifundishe. Swali hilo limepitwa na wakati kwa karne kadhaa. Vyuo vimezifundisha siku nyingi sana. La kuuliza ni nani anakikalia kigoda cha mwalimu, nani yuko kwenye dawati, na nani amesimama nje ya dirisha huku maneno yake yakiandikwa daftarini na mtu mwingine.

Chuo alichosoma Asturias ndicho ushahidi. San Carlos kilianzishwa kwa hati ya mfalme wa Uhispania mwaka 1676, na katika zama za ukoloni Kikaqchikel, lugha nyingine ya Wamaya, kilikuwa na kigoda chake pale, kwenye chuo kimoja na teolojia na sheria. Mwaka 1753 mtawa Ildefonso José Flores, aliyekuwa mwalimu wa lugha hiyo, alichapisha sarufi ya Kikaqchikel. Yaani wakati vyuo vingi vya Ulaya bado vilifundisha kwa Kilatini, lugha ya wakulima wa mahindi wa nyanda za juu za Guatemala ilikuwa tayari na kitabu cha sarufi na mwalimu. Ila waliokusudiwa kukaa darasani walikuwa mapadre. Walihitaji kuhubiri, kusikiliza maungamo, na kutambua dhambi ikitajwa kwa lugha wasiyozaliwa nayo. Mkaqchikel mwenyewe alikuwa somo, hakuwa mwanafunzi.

Utaratibu huo, wa kusoma huku ukifuta, una mzee wake. Tarehe 12 Julai 1562, katika mji wa Maní huko Yucatán, mtawa Diego de Landa alichoma hadharani vitabu vya Wamaya pamoja na sanamu zao, akiviona kuwa kazi ya shetani. Baadaye Landa huyo huyo akaandika maelezo marefu kuhusu maisha ya Wayucatán, na ndani yake akachora kile alichodhani ni alfabeti yao. Haikuwa alfabeti, maana mwandishi wa Kimaya aliyeulizwa alikuwa akiandika silabi. Karibu miaka mia nne baadaye, mwaka 1952, mtaalamu wa Kisovieti Yuri Knorozov, ambaye hakukanyaga nchi ya Wamaya hadi uzeeni, aliitumia orodha hiyo yenye kasoro kuonyesha kwamba maandishi ya Wamaya yanasomeka kwa sauti. Aliyechoma maktaba ndiye aliyeacha ufunguo.

Vitabu vya Kimaya vya kabla ya ukoloni vinavyojulikana leo ni vinne tu. Vitatu vinaitwa kwa majina ya miji ya Ulaya vinakohifadhiwa: Dresden, Madrid na Paris. Cha nne kiko Mexico. Nakala ya Popol Vuh aliyoiandika padre Francisco Ximénez huko Chichicastenango mwanzoni mwa karne ya 18, ambayo ndiyo ya zamani kuliko zote tulizo nazo, iko kwenye maktaba ya Newberry mjini Chicago. Tarihi ya Wakaqchikel iko Chuo Kikuu cha Pennsylvania. Msomaji wa Lamu au Pate hahitaji kufafanuliwa jambo hili. Anayetaka kuishika mikononi miswada mingi ya tenzi za kwao sharti aombe viza ya Uingereza kwanza.

Darasa la kisasa la lugha za Wamaya, tofauti na la mapadre, lilizaliwa kwa kiasi fulani na chombo cha angani. Oktoba 1957 Wasovieti walirusha Sputnik. Marekani ikashtuka, na mwaka 1958 ikapitisha sheria ya elimu kwa ajili ya ulinzi wa taifa. Sehemu moja ya sheria hiyo ilitoa fedha kwa vyuo vilivyofundisha lugha ambazo Mmarekani wa kawaida hakuwa na habari nazo. Kupitia mlango huo Kiswahili kilipata nguvu katika vyuo vingi vya Marekani, na kupitia mlango huo huo zikaingia Kik'iche', Kikaqchikel, Kimaya cha Yucatán na Kikechua cha Andes. Kwa miongo mingi wanafunzi wanaosomea Kiswahili na wanaosomea Kikaqchikel wamegombea ufadhili wa aina moja. Huko Paris hali ni hiyo hiyo. Taasisi ya INALCO, ambayo asili yake ni shule ya lugha za Mashariki ya mwaka 1795, inafundisha Kiswahili na lugha za Wamaya chini ya paa moja. Sisi na wao tumewekwa kwenye kabati moja, lile la lugha za mbali.

Chuo Kikuu cha Tulane cha New Orleans kina mafunzo ya kiangazi ya Kikaqchikel, yaitwayo Oxlajuj Aj kwa siku moja ya kalenda ya Wamaya. Kwa wiki sita wanafunzi, wengi wao wa shahada za juu kutoka Marekani, huishi Guatemala na kufundishwa na walimu ambao Kikaqchikel ndiyo lugha yao ya mama. Vyuo vya Texas na North Carolina navyo vina historia ndefu ya kazi hii. Ujerumani, Chuo Kikuu cha Bonn kinaandaa kamusi ya lugha ya maandishi ya kale yaliyochongwa kwenye mawe. Ukisoma orodha kama hii haraka unaweza kudhani mambo yamenyooka. Lakini iangalie tena, utaona kwamba mgeni huondoka na shahada ya uzamivu na ajira, naye bibi aliyemsomesha maneno jikoni kwake huambulia mstari mmoja wa shukrani kwenye dibaji. Nao huandikwa kwa Kiingereza.

Lugha zenyewe ni zipi? Tunaposema Kimaya tunataja ukoo wa lugha takribani 30, zinazosemwa na watu wanaokaribia milioni sita nchini Guatemala, kusini mwa Mexico na Belize, na sasa Marekani pia. Guatemala inatambua 22 kati yake. Kik'iche' na Kiq'eqchi' zina wasemaji wapatao milioni moja kila moja. Kimaya cha Yucatán kilikuwa na wasemaji zaidi ya 770,000 katika sensa ya Mexico ya 2020. Upande wa pili wa mizani kuna Kiitza' cha Petén, ambacho wasemaji wake wamebaki wazee wachache. Hizi si lahaja za lugha moja. Mk'iche' na Myucatán wakikutana hawaelewani, sawa na Mpare na Mzulu wasivyoelewana ijapokuwa wote ni Wabantu.

Kwa sikio la Mswahili, sarufi yao inashangaza kwa ukaribu wake kabla ya kushangaza kwa umbali. Sentensi nzima hukaa ndani ya neno moja. Sisi tukisema "nilikuona", Mk'iche' husema "xatinwilo". Ndani yake mna alama ya wakati, x-, kisha aliyeonwa, -at-, kisha aliyeona, -inw-, ndipo mzizi wa kuona. Mtangazaji yeyote wa redio wa Dar es Salaam angelielewa jengo hilo mara moja, ingawa vyumba vyake vimepangwa kinyume. Umbali unaanza unapotaka kusema "ulilala". Kik'iche' kitakupa "xatwarik", na hapo -at- imerudi. Alama inayomtaja aliyeonwa ndiyo inayomtaja aliyelala. Kwetu sisi huyu ni u- na yule ni -ku-. Kwao anayelala na anayeonwa huwekwa kundi moja, naye anayemtenda mwingine huwekwa kando. Wanaisimu wameuita mfumo huu egativu, na miongo ya mijadala ya nadharia imejengwa juu ya lugha hizi kwa sababu hiyo. Kwa maneno mengine, profesa wa nadharia aliyeko Massachusetts anamhitaji mkulima wa Totonicapán kuliko mkulima anavyomhitaji yeye.

Kuna mengine. Lugha hizi zina mizizi, inayohesabika kwa mamia, ambayo kazi yake ni kusema kitu kimekaaje: kimesimikwa, kimelala kifudifudi, kimening'inia, kimekaa mdomo juu kama bakuli. Hesabu zake huenda kwa ishirini ishirini. Watzeltal wa Tenejapa, huko Chiapas, wameandikwa sana na Penelope Brown na Stephen Levinson kwa sababu hawatumii kushoto na kulia wanapotaja mahali pa vitu, bali upande wa kupanda mlima na upande wa kuteremka, hata kama vitu vyenyewe viko juu ya meza. Nayo ile alama ya koma ya juu unayoiona katika K'iche' si pambo. Kama ilivyo kwenye ng' ya ng'ombe, ni sehemu ya herufi, na hapa inaashiria sauti inayopasuliwa kwa kubana koromeo.

Koma hiyo iligombewa. Mmisionari wa Kimarekani William Cameron Townsend aliwasili Guatemala mwaka 1917, akajifunza Kikaqchikel, akasimamia tafsiri ya Agano Jipya iliyotoka 1931, na mwaka 1934 akaanzisha taasisi ya isimu ambayo ingekuja kufanya kazi pembe zote za dunia. Tahajia zilizotumika enzi hizo zilifuata Kihispania, c na qu pale ambapo sauti ni k moja tu, ili msomaji avushwe kirahisi kwenda Kihispania. Nadhani hilo linatosha kuonyesha darasa lilikuwa likielekea wapi. Wamaya wasomi wakataka herufi zinazofuata sauti zao wenyewe. Adrián Inés Chávez, mwalimu wa Kik'iche', alikuwa amekwisha kubuni alfabeti yake tangu miaka ya 1940. Mwaka 1987 alfabeti moja ya pamoja ikapitishwa kwa agizo la serikali, na mwaka 1990 Bunge likakipa Chuo cha Lugha za Wamaya cha Guatemala hadhi ya chombo cha kisheria kinachojitawala.

Angalia miaka hiyo vizuri. Guatemala ilikuwa vitani kuanzia 1960 hadi 1996. Watu zaidi ya 200,000 waliuawa au walipotezwa, na tume ya ukweli iliyotoa ripoti mwaka 1999 ilikuta kwamba asilimia 83 ya waathirika waliotambuliwa walikuwa Wamaya. Mwalimu wa shule ya msingi Víctor Montejo, msemaji wa Kipopti', alikikimbia kifo mwaka 1982 baada ya jeshi kuvamia kijiji alichofundisha. Baadaye alipata shahada ya uzamivu Marekani na kuwa profesa katika Chuo Kikuu cha California kilichoko Davis. Katika nchi ya namna hiyo, kudai ardhi kulikuwa kujichimbia kaburi. Kukaa mezani mkijadili idadi ya irabu kulionekana shughuli ya walimu wasio na madhara. Mimi naamini wenye bunduki walikosea hesabu pale. Waliokuwa wakijadili irabu walikuwa wakijenga kundi la kwanza la Wamaya wa lugha mbalimbali waliozoea kukutana, kubishana na kukubaliana wakiwa taifa.

Walitoka wapi watu hao? Sehemu kubwa ya jibu iko Antigua, mji wa zamani wenye magofu ya makanisa. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 mradi wa isimu uliopewa jina la askofu Francisco Marroquín ulifanya jambo ambalo vyuo vikubwa havikulifikiria. Mwanaisimu Terrence Kaufman na wenzake waliwachukua wasemaji wa lugha za Wamaya, wengi wakiwa na elimu ya kawaida ya shule, wakawafundisha fonolojia, mofolojia na utungaji wa kamusi, kazi ile ile ya mwanafunzi wa uzamili. Nora England, Mmarekani aliyekuwa ameandika sarufi ya Kimam, aliendeleza njia hiyo. Mwaka 1990 alisaidia kuanzisha kikundi cha utafiti kiitwacho OKMA, ambacho watafiti wake walikuwa Wamaya. Sarufi zikaanza kutoka zenye majina ya Kimaya kwenye jalada. Mojawapo ni sarufi ya Kik'iche' ya Candelaria Dominga López Ixcoy ya mwaka 1997. Mwaka 2001 England akaanzisha Texas kituo cha lugha za wenyeji asilia wa Amerika ya Kilatini, na wanafunzi aliowafuata kwa bidii walikuwa wasemaji wa lugha zenyewe. Alifariki mwaka 2022.

Matunda yake yana majina. B'alam Mateo Toledo, msemaji wa Kiq'anjob'al, alipata uzamivu Texas mwaka 2008 kwa kuchambua lugha yake, akaenda kufundisha Mexico katika taasisi ya CIESAS, ambayo programu yake ya uzamili wa isimu imepokea wasemaji wengi wa lugha za wenyeji. Telma Can Pixabaj, Mk'iche', alifuata mwaka 2015. Ukisoma kazi zao unaona tofauti ambayo mgeni, hata mwenye kipaji, huipata kwa shida. Mgeni huuliza, "Je, sentensi hii inasemeka?" Mwenye lugha huuliza, "Mbona hatusemi hivi, na tukisema hivi tunakuwa tumemwambia nini mtu?"

Jambo kama hilo lilitokea kwenye maandishi ya kale. Linda Schele, msanii aliyegeuka mtaalamu wa michoro ya Wamaya huko Texas, alikwenda Guatemala kuanzia miaka ya 1980 kuendesha warsha za kuwafundisha Wamaya wenyewe kusoma mawe ya mababu zao. Hadi alipofariki mwaka 1998 aliiona kazi hiyo kuwa deni. Lugha ya mawe hayo iko karibu zaidi na Kich'orti', kinachosemwa hadi leo mpakani mwa Guatemala na Honduras.

Mexico nayo imetembea. Sheria ya haki za lugha ya mwaka 2003 ilizitamka lugha za wenyeji kuwa lugha za taifa pamoja na Kihispania, na mwaka huo huo Guatemala ikapitisha sheria yake ya lugha za taifa. Chuo kimoja cha umma mjini Valladolid, Yucatán, kinatoa shahada ya kwanza ya isimu na utamaduni wa Wamaya, na wengi wa vijana wanaoisomea wametoka vijiji vya jirani. Chiapas ina chuo chake cha tamaduni mbalimbali. Sheria ni nzuri kwenye karatasi. Ofisini, karani bado hukujibu kwa Kihispania.

Na si kila kitu ndani ya darasa la wenyewe ni shwari. Ukishatoa kigoda, unatoa pia ugomvi wa kigoda. Lugha moja kama Kik'iche' ina namna nyingi za kusemwa, bonde kwa bonde, na usanifishaji unamtaka mtu achague. Wasomi wa Chuo cha Lugha wameunda istilahi mpya za kompyuta, katiba na hesabu, wakiepuka maneno ya Kihispania. Mzee wa kijijini akisikiliza hotuba yao anaweza kuuliza hawa wanasema lugha gani. Watu wa Mombasa na Lamu, ambao mwaka 1928 waliona Kiunguja kikichaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, wangemwelewa mzee huyo bila mkalimani. Mimi nisingewalaumu wasanifishaji moja kwa moja, kwa kuwa bila tahajia moja huwezi kuchapisha kitabu cha shule. Lakini mwanafunzi anayefundishwa kwamba mama yake anakosea lugha yake mwenyewe ameanza kufundishwa kuiacha.

Mashaka makubwa zaidi yako nje ya chuo. Shahada haizalishi watoto wanaosema lugha. Mzazi wa mjini Quetzaltenango anayeogopa mwanawe kudharauliwa shuleni atazungumza naye Kihispania, hata kama shangazi wa mtoto ana uzamivu wa sarufi ya Kik'iche'. Hapo ndipo suala la ajira linapokuwa zito kuliko la utamaduni. Mzazi huangalia lugha inalipa nini. Katika hilo, jambo lililobadilisha hesabu halikutoka chuoni kabisa, lilitoka mpakani. Wamaya wamehamia Marekani kwa maelfu, na Kimam, Kik'iche' na Kiq'anjob'al sasa ni kati ya lugha zinazohitajika mara kwa mara katika mahakama za uhamiaji. Oakland, California, ina jamii kubwa ya Wamam. Jaji anauliza kwa Kiingereza, mkalimani wa kwanza anageuza Kihispania, wa pili anageuza Kimam, kisha jibu linarudi kwa njia ile ile. Kila kituo hupunguza kitu, na mtu anaweza kurudishwa alikokimbia kwa sababu ya kilichopungua. Kijana anayejua Kimam na Kiingereza bila kupitia Kihispania ni mtaalamu anayetafutwa. Vyuo vilivyokuwa vikimfundisha Kimam mgeni ili aandike tasnifu vingefanya vyema zaidi kumfundisha Mmam sheria, tafsiri na ukalimani.

Kipimo changu mimi ni kimoja: je, chuo kinakubali lugha hiyo iwe ya kufikiria, au inabaki ya kufikiriwa? Peru inatoa jibu la kutia moyo na la aibu kwa pamoja. Chuo Kikuu cha San Marcos cha Lima kilianzishwa mwaka 1551, na tangu karne ile ile ya 16 kilikuwa na kigoda cha Kikechua, kwa ajili ya mapadre kama kawaida. Oktoba 2019 Roxana Quispe Collantes aliandika na kuitetea tasnifu yake ya uzamivu kwa Kikechua, kuhusu ushairi wa Kikechua. Alikuwa wa kwanza. Miaka 468 ilipita kati ya kufunguliwa kwa chuo na siku hiyo.

Kwetu Afrika Mashariki tumezoea tasnifu za Kiswahili, na tuna haki ya kujisifu kwa hilo. Ila Tanzania peke yake ina lugha zaidi ya 120, na Mradi wa Lugha za Tanzania ulioanza Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 2001 ulionyesha kwamba wanaisimu wa hapa hapa wanaweza kutoa kamusi na sarufi za lugha hizo bila kumngoja mtu kutoka Leiden au Texas. Wewe unayetafuta mada ya uzamili mwaka huu, na lugha ya bibi yako haina hata orodha ya maneno iliyochapishwa, chukua kinasa sauti uende ukakae naye. Na msimamizi wako akikuambia mada hiyo ni finyu, mtajie Candelaria López Ixcoy.